Kabla Hujafika Silangani

Mwikali, mwaitu,

Gauni lako la kijivu liko mapajani mwangu na upindo wake umenishinda. Nimeushona, nikaufumua, nikaushona tena, na bado upande mmoja unaning'inia kuliko mwingine. Mama yako amepita hapa mlangoni na karai la mboga akasimama kunitazama. "Baba Mwikali, hilo gauni litazeeka kabla halijavaliwa," akasema. Nimemwambia uzi ni mbaya. Uzi ni mzuri, nimeununua mwenyewe hapa sokoni Nunguni. Mikono ndiyo mibaya leo. Kwa hivyo nimeliweka gauni kando, nimechukua karatasi ninayokatia kola za watoto wa shule, na nitakuandikia mpaka jua lizame au mpaka urudi kutoka kuaga kwa Mulwa hapo jirani, lolote litakalotangulia.

Nakuita mwaitu, mama, kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na ndiyo maana tangu utoto wako sijawahi kukukaripia vizuri. Nikiinua sauti naona kama namgombeza yeye, na yeye hakuwa mtu wa kugombezwa.

Sitakuambia unywe maji yaliyochemshwa. Sitakuambia ufunge viatu, ulale chini ya neti, upige simu. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumapili, mpaka nadhani hata kuku wetu sasa wanaweza kwenda mashariki ya Kitui wakarudi salama. Mimi nina mambo mawili tu. La kwanza ni la aibu yangu, na ni heri ulisikie kwangu, kwa sababu ukifika kule silangani watakusimulia, tena kwa vicheko, na watu wa huko wanajua kuongeza chumvi. La pili hakuna atakayekuambia ila mimi. Nilipewa nikuletee, na nimekaa nalo mdomoni tangu wiki iliyopita kama mtu aliyeuma pilipili mbele ya wageni.

Unakumbuka ulichoniuliza Jumapili. Tulikuwa tunakula muthokoi, na wewe, bila kuinua macho, ukasema, "Baba, siku ya kuondoka ikifika, utaniambia niende?"

Nikakujibu, "Tutaona."

Mama yako akagonga sahani kwa kijiko. Wewe ukaendelea kula, na nikajua nimekuumiza kwa sababu uliomba chakula kingine na hukukimaliza.

Najua utaondoka hata nikinyamaza. Umeshaweka nadhiri, gari la masista linakuja asubuhi, na wewe si mtoto. Lakini uliniuliza. Ukienda bila neno langu utakwenda nusu, nusu nyingine itabaki hapa Nunguni ikiangalia barabara. Na pale unapokwenda si mahali pa kwenda nusu.

Tuseme mambo wazi. Unakwenda kuchukua nafasi ya Sista Bernadeta, aliyepigwa risasi mkononi akiwa amekaa kati ya wenye ngamia na wakulima, kwenye ukingo wa silanga. Bwawa lile la udongo ndilo linalobaki kwa watu wote ukame ukishika, na ukame umeshika. Masista wenu hawakubali askari wawasindikize, ati ukija na askari kila upande utadhani umeletwa na upande mwingine. Hawana ukuta, hawana mbwa. Ulipotueleza kazi hiyo mara ya kwanza ulisema ni kazi ya amani ya dunia, na mimi nikakuuliza mbona dunia ina nchi nyingi namna hii na amani yake lazima ianzie penye risasi. Ulicheka. Sikuwa nafanya mzaha sana.

Basi, wiki iliyopita nilimdanganya mama yako. Nilimwambia naenda Mukuyuni kutafuta kitambaa cha sare, na kwamba nikichelewa nitalala kwa binamu yangu. Nikaenda Kitui kukuchukua.

Usishtuke. Nilijua wewe uko kwenye mafungo Machakos na hutanikuta. Sikutaka kubishana nawe, maana wewe na mimi tukibishana wewe hushinda. Nilitaka kumaliza mambo na wakubwa zako, mzazi kwa mzazi, halafu wewe uambiwe tu kwamba kazi yako imebadilishwa, utafundisha chekechea mahali penye miti.

Na nilikuwa na hoja, mwaitu. Niliipiga pasi njia yote. Hoja ilikuwa ntheo. Unajua kwetu Wakamba, mpaka mbuzi wa ntheo wafike nyumbani kwa baba, binti hajatoka. Anaweza kuwa na watoto wanne na nyumba ya mawe, baba yake akija akasema "twende," hakuna mzee wa kumzuia. Masista wamekaa na wewe miaka yote hii na hawajaleta Nunguni hata ukwato. Nikaona sheria yote iko upande wangu. Nikavaa koti la kanisani.

Aliyenipokea alikuwa Sista Bernadeta mwenyewe. Mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa kimening'inizwa shingoni, na akasisitiza kunimiminia chai kwa ule wa kushoto. Nusu ilikwenda kwenye kisahani. Nikasimama nimsaidie, akanitazama hivi, nikakaa.

"Karibu, mzee. Umetoka mbali. Kuna shida?"

"Shida ipo, Sista. Nimekuja kuuliza mbuzi wangu wako wapi."

"Wameibiwa?"

"Hawajafika. Mbuzi wa ntheo. Mwikali yuko kwenu siku zote hizi na hakuna mbuzi aliyepanda kilima cha Nunguni. Kwa hivyo bado ni wangu, na nimekuja kumchukua."

Mwikali, yule mama alicheka mpaka akajishika bega. "Mzee, tafadhali, usinichekeshe, nyuzi zitakatika," akasema, na machozi yanamtoka. Halafu akaniambia yeye ni binti wa Mbumbuni, na kwamba baba yake pia alikuja kudai ntheo, tena hakuja peke yake, alikuja na wazee wa ukoo na fimbo.

"Akaambiwa nini?" nikauliza. Nilitaka kujua mwenzangu aliishia wapi.

"Mama Mkuu wa siku hizo alimwambia mbuzi hatuna, na mlango hauna kufuli. Mimi nilikuwa jikoni nasikia yote. Baba akaita, 'Twende!' Nikamjibu, 'Baba, kunywa chai kwanza.' Akanywa. Akarudi mwezi uliofuata akanywa tena. Alikunywa chai yetu mpaka alipokufa."

Nikatazama kikombe changu. Nilikuwa nimeshamaliza.

Hapo akaacha kucheka. Akatoa kitu kwenye droo akakiweka mezani karibu na sukari: ganda la risasi, la shaba, dogo kuliko kidole changu cha mwisho. "Soma," akasema. Chini yake kulikuwa na maandishi. Nikavaa miwani, nikavua, nikavaa tena. Hayakuwa maandishi ya kwetu. Ni ya nchi ambayo nina hakika hata mchungaji wetu hajawahi kuiombea, na unajua anavyozunguka ramani.

"Hili liliokotwa nilipokuwa nimelala," akasema, na nikaelewa maana yake ni alipoanguka. "Huyu kijana aliyelipiga hana kiwanda, mzee. Hana hata viatu. Ndiyo maana masista wenzetu, wa huku na wa ng'ambo, wakikutana na wakubwa wa mataifa wanawapelekea habari kama hizi. Mimi mwenyewe nilisimama mbele yao. Nikawauliza wanaouza hivi vitu kama wanaijua silanga yetu. Walinipigia makofi mazuri sana. Halafu nikarudi, na nikapata hiki."

"Sasa kwa nini mnaendelea?"

"Nikiacha kusema kule, hivi vitaendelea kuja. Nikiacha kukaa silangani, kule nitakuwa nasema habari za kusikia."

Nilibaki na hoja yangu ya mbuzi ikiwa imekunjamana. Nikasema tu kwamba kama mwanangu atapigwa, sitauliza risasi ilitengenezwa wapi. Akatikisa kichwa polepole. "Sikuambii hakuna hatari," akasema. "Mkono huu si wa maigizo. Lakini kesho pikapu inapeleka unga kule. Njoo uone. Ukishaona na bado unataka kumchukua, mimi sitaongeza neno."

Ndivyo nilivyofika silangani, na sasa tunaingia kwenye aibu.

Wewe ulikaa kule wakati wa mafunzo, unaujua utaratibu kuliko mimi: kwenye uzio wa miiba kuna mlango wa wakulima na mlango wa wenye ngamia, na kila mtu anaacha nje alichobeba. Panga, upinde, fimbo, na vile vingine ambavyo watu huvisema kwa kuinua kidevu tu. Ndani unaingia na kamba na mtungi, basi. Sista Bernadeta alinieleza haya yote njiani, tena kwa kurudia, kama anayemwelekeza mtoto wa Sunday school. Akanikalisha kwenye gogo. Akasema, "Mzee, kazi yetu hapa ni hii tu, kukaa na kuonekana." Nikasema kukaa nakuweza, mimi ni fundi wa cherehani.

Sasa elewa, mimi ni mtu wa baridi na kabichi. Ngamia nilikuwa nimemwona kwenye kalenda. Nimekaa, natazama akina mama wakichota na punda wao, najisemea kumbe si vibaya hivi, halafu pumzi ya moto ikanipiga shingoni. Nikageuka. Kichwa kikubwa hivi, midomo inatembea, kiko juu ya bega langu. Nikaruka. Na nilipotua nikaona kijana mrefu anakuja mbio moja kwa moja kwangu, mkono umeinuliwa, anapiga kelele kwa lugha nisiyoijua.

Sikuona mkono wangu ukishuka chini. Nilichoona ni kwamba nimesimama na jiwe.

Ndoo ziliacha kugonga. Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza pamoja. Kijana alisimama hatua chache tu mbele yangu. Nyuma yake, wenzake walikuwa wanarudi nyuma polepole kuelekea mlango wao wa miiba, kule walikoacha vitu vyao, na macho yao hayanitoki. Na upande wetu, kijana mmoja akaita kwa Kikamba, "Mzee, tuko nyuma yako!"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, mwanangu. Sikutaka mtu yeyote nyuma yangu. Nilikuwa nimeingia kwenye vita ambayo hata sikuujua mwanzo wake, na tayari nilikuwa na jeshi.

Sista Bernadeta alikuwa anakuja, hakimbii, mkono wake mzima uko wazi mbele yake. "Mzee wa Nunguni," akasema, sauti kama anaomba chumvi, "usilitupe. Kaa hivyo hivyo. Nitazame mimi." Nikamtazama. Nilikuwa nataka kuliweka chini lakini nilijua nikiinama tu, mtu ataona nainama kuchukua lingine.

Aliyefika kwanza alikuwa mzee mwenye ndevu za hina, mfupi kuliko mimi, amejifunga shuka. Ni Mzee Godana, unamjua. Akasimama karibu mpaka nikanusa moshi kwenye nguo zake, akanyoosha kiganja chini ya mkono wangu.

"Leta," akasema. "Mimi nashikia wewe."

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Labda kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniomba kitu, kila mtu alikuwa anajiandaa kupigana.

Akaligeuza, akalipima uzito kama nyanya sokoni. Halafu akaliinua juu wote waone, akazunguka, upande wao, upande wetu. "Sasa mwenye jiwe ni mimi," akasema kwa nguvu. "Nani anapiga mimi?"

Wale vijana mlangoni hawakujua wamtazame nani. Wa kwetu vilevile. Wangepigana na nani sasa, wakati jiwe la Nunguni liko mkononi mwa mzee wao? Halafu mama mmoja wa kwetu, mwenye punda mweupe, akaguna, ile ya puani, ambayo mwanamke wa Kikamba huitoa akiona wanaume wazima wanafanya ujinga. Mwingine akacheka. Ndoo moja ikagonga.

"Wote wawili mmevunja sheria ya silanga," Sista Bernadeta akasema. "Adhabu mnaijua."

"Mimi siijui," nikasema.

"Wewe nanywesha ngamia yangu," Mzee Godana akaniambia. "Mimi nabeba maji ya hawa akina mama mpaka kwa punda. Mpaka yote kwisha."

Mwikali, ngamia hanywi maji. Anahamisha bwawa. Nilichota nikamimina kwenye hori mpaka koti la kanisani likawa tambara, na kila nikiinua mgongo kuna mmoja ananitazama kwa dharau kama shemasi. Akina mama walinipa jina, kitu fulani cha ngamia, sikusikia vizuri na sikuuliza. Utalisikia. Ukilisikia, jibu ndiyo, ni baba yangu.

Tulipokuwa tunapumzika kwenye ukingo, Mzee Godana alikaa karibu nami. Akanionyesha yule kijana aliyenijia mbio, sasa ameshika shingo ya ngamia anaongea naye. "Alikuwa anaita ngamia asikuume," akasema. "Huyo ni kijana yangu. Wa mwisho. Kama ungepiga yeye..."

Nilitazama mikono yangu iliyolowa na nikafikiri kwamba nilikuwa nimevuka Makueni nzima nikiogopa kwamba mtoto wangu atauawa na mwoga fulani asiyejulikana, na mwoga huyo nilikuwa nimemvalisha koti mwenyewe.

Siku hizi nikikaa hapa kwenye cherehani nalifikiria hilo. Nilidhani wanaopigana ni watu wakali. Mimi unanijua, siwezi hata kumfukuza mbwa wa Mulwa. Na ilibaki kidogo sana.

Sasa ni ile ya pili.

Mzee Godana aliniuliza, "Wewe ni baba ya sista gani?" Nikamwambia. Akatabasamu. "Yule mrefu, anacheka na mabega?" Nikasema huyo huyo. Akachora mchangani kwa kidole. Halafu akasema maneno haya, na nakuandikia kama alivyoyasema.

"Mwambie asikuje. Si kwa sababu hatutaki yeye. Ni vijana wengine, hawa wa mbali, hawasikii sisi tena. Mvua ikikataa, watakuja. Mwambie asikuje."

Nilipopanda pikapu nilikuwa mtu mwenye furaha, na ninaona haya kukuambia hivyo. Nilikuwa na kitu bora kuliko mbuzi. Nilikuwa na onyo kutoka kinywani mwa mzee wao wenyewe. Ningefika nyumbani, ningekukalisha, ningekuambia, "Mzee Godana amesema usije," na wewe unayemheshimu ungekaa. Nilimwambia Sista Bernadeta njiani. Hakushangaa. "Hata mimi huniambia hivyo kila ukame," akasema. "Na siku niliyopigwa ndiye aliyenifunga mkono, kwa shuka lake." Kisha akaniuliza, "Hakusema kitu kingine?"

"Hapana," nikamjibu. Sista mzima, aliyejeruhiwa, na nikamdanganya kama nilivyomdanganya mama yako.

Kwa sababu alisema kitu kingine.

Ngoja nikuambie kwanza habari ya Mulwa, maana uko kwake sasa hivi na pengine wanakupa uji. Unakumbuka miaka ile mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani, kwa sababu ya ule mstari wa katani kwenye mpaka? Ninyi watoto mlikuwa mnakaa katikati yake mkila miwa, sisi tunatazamana kama majogoo. Kuna kitu hamkujua. Mwaka wa kwanza kabisa Mulwa alimtuma mkewe kwangu. Alisema, "Mulwa anasema yeye ndiye aliyevuka mpaka, lakini na wewe ulimtukana mbele ya watoto wake." Mimi nikawaambia watu wote sokoni kwamba Mulwa amekiri amevuka mpaka. Nikaishia hapo. Ile nusu ya pili nikaimeza. Yeye akasikia sokoni kwamba ujumbe wake umekatwa kichwa, na akafunga mlango mpaka ninyi mkamaliza shule. Tulipatana siku tanki langu lilipopasuka na yeye akaja na jembe kugeuza maji yasiingie nyumbani, bila hata kusema hujambo. Miaka yote ile, mwaitu, kwa sababu ya sentensi moja niliyoona hainipendezi.

Basi, siku hizi zote tangu Jumapili nimekuwa nikifunua mdomo nikupe nusu ya Mzee Godana. Nilipokuita juzi kwenye zizi, ukaja, nikakuambia eti ng'ombe ana kupe. Hilo la mzee ndilo nililokuitia. Jana mama yako alinikuta nimesimama nyuma ya choo nafanya mazoezi ya kusema. Yeye anajua tayari, si mambo yote, lakini anajua sikwenda Mukuyuni. Siku niliporudi alitazama viatu vyangu, na ule mchanga mweupe, akasema, "Kumbe Mukuyuni wamebadilisha udongo," akaenda kuniletea maji ya kunawa. Hajauliza tena. Ananisubiri, kama wewe.

Hii hapa nusu ya pili. Mzee Godana alisimama, akakung'uta shuka, na akasema, "Lakini akikataa kusikia, mwambie akae upande ile jua inatoka. Mimi nakaa hapo kila siku. Na kijana yangu. Apite kwetu kwanza."

Umeyapata yote sasa. Sikuongeza na sikupunguza. Onyo ni la kweli, tafadhali usilifanye dogo kwa sababu limetoka kwa baba yako mwoga. Yule mzee hakuwa ananifurahisha, alikuwa anaogopa, nami naijua hofu nikiiona. Na ahadi ni ya kweli pia. Mtu aliyechukua jiwe langu ili watoto wa kwake wasinipige, akisema atakaa mahali fulani, atakaa.

Sitasema moyo wangu una amani. Ninyi ndio mnaoshughulika na amani, mimi bado ninashughulika na upindo. Kanisa letu linaendelea kuomba kila Jumapili urudi, na mimi ndiye niliyelipeleka ombi hilo mwaka ulioingia kwa masista, na bado sijapata ujasiri wa kusimama niwaambie waache. Nitawaambia. Nitawaomba waiombee silanga badala yake, na nitawapa jina la Mzee Godana walitaje kwa sauti, tuone mchungaji atakavyolitamka.

Kitu kimoja tu nakuomba, si agizo. Siku utakapoogopa, na itakuja, usijione umeshindwa kazi. Sema kwa sauti, "Naogopa," mtu aliye karibu asikie. Mimi ningesema hivyo pale kwenye gogo, kwa lugha yoyote, yule kijana angenishikia ngamia na tungecheka. Nilinyamaza kiume, na mkono ukasema badala yangu.

Nakusikia getini. Unacheka na mke wa Mulwa, na ni kweli, unacheka na mabega, sikuwahi kuliona hilo mpaka mtu mwingine aliponionyesha. Sitakuita uje nikuambie uso kwa uso. Nitasema mambo ya kupe tena. Kwa hivyo lisome hapa, neno uliloniuliza Jumapili.

Nenda, Mwikali. Nenda mzima, usiache nusu hapa.

Na asubuhi, gari likiwaka, ukiona nimeshika mlango wake na siachi, usifikiri nimebadilisha neno. Ni mkono tu. Nibandue vidole, kimoja kimoja, taratibu, halafu mwambie dereva aende.

Baba yako